Mama Amekataa Safari ya Milimani

Jumapili, 4 Juni

Mama, shikamoo.

Huku hatujambo. Mwanao anaendelea vizuri. Bega limeunga na daktari amemruhusu hata kubeba ndoo. Kazi nayo ni tele, karakana yake imejaa meno ya bandia mpaka mengine yamehamia mezani pa chakula. Juzi nilikunywa chai huku taya la mtu nisiyemjua likinitazama.

Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu hunisikii, na mimi sipendi kukupazia sauti kama vile nakugombeza. Nina habari na nina ombi.

Habari ni kwamba shule yetu ya udereva itafunga mwishoni mwa Julai, na mimi na mwanao tumeamua kwenda milimani kwa pikipiki, yeye na yake, mimi na yangu, kama zamani kabla hajaanguka. Ni siku mbili za barabara. Tutalala njiani, halafu tupige kambi kule juu wiki nzima, kwenye baridi na msitu na maji yanayotoka kwenye mwamba. Ramani tumeibandika ukutani jikoni na mwanao ndiye aliyeichora njia kwa kalamu nyekundu. Ungemwona, Mama. Amenunua jiko dogo la gesi, lile la kukunja, akawa analikunja na kulikunjua mbele ya taarifa ya habari mpaka nikamnyang'anya. Tangu ile ajali sijamwona na furaha ya namna hii.

Ombi langu ni hema. Haya ya madukani ni mifuko tu, mvua ikinyesha unaamka unaelea. Wewe umeshona maturubai ya malori maisha yako yote. Tushonee hema la watu wawili, la kufungwa nyuma ya pikipiki, na rangi chagua mwenyewe.

Mwanao anakusalimu. Nimemwambia aandike mstari mmoja hapa chini, amesema ataandika siku nyingine.

Mkweo,
Mwalimu


Jumatano, 14 Juni

Mkwe wangu, marahaba.

Barua nimeipata. Nimefurahi bega limepona.

Kuhusu safari, hapana.

Kwanza, paa langu linavuja, tena juu ya cherehani kubwa. Nataka mwanangu aje mwezi huohuo wa Julai apigilie bati. Pili, milimani kuna baridi na mwanangu ana kifua tangu utotoni. Tatu, mke wa mtu alale porini kando ya barabara, watu watasema nini? Chagua sababu inayokupendeza.

Hema sishoni. Nina kazi ya malori.

Ni mimi mama yenu


Jumapili, 25 Juni

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeisoma kwa heshima, na kila ulilosema nimelitafutia dawa. Paa lisikusumbue, nimezungumza na fundi bati wa huko kwenu, atakuja wiki ijayo. Kifua nimekinunulia sweta mbili za sufu. Na hao watu watakaosema, Mama, kule milimani hakuna anayetujua, watasema nini na kwa nani?

Mwanao nilipompa barua yako aisome, alishusha pumzi ndefu, akasema basi, mama akishasema hapana ni hapana. Nilitegemea atabisha kidogo. Yeye aliyekuwa halali bila kuitazama ile ramani.

Kuna mambo siyaelewi, na sikuambii ili kumsengenya. Pikipiki yake bado imefunikwa uani. Nikimwambia aiwashe tuisikie, anasema kabureta imekufa. Nikanunua kabureta. Akasema tairi la nyuma limelika. Nikaenda kuchukua tairi, nikalibeba mwenyewe begani kutoka dukani mpaka nyumbani. Alilipokea, akalisimamisha ukutani, na pale ukutani ndipo lilipo mpaka leo. Halafu Jumamosi anaondoka asubuhi, anasema anapeleka meno kwa wateja. Anarudi jioni amekuwa bubu. Meno gani ya kupelekwa kutwa nzima?

Mama, bila ruhusa yako hatoki. Mimi nimebaki na neno moja tu, nakuomba.

Mkweo,
Mwalimu


Jumatano, 5 Julai

Mkwe wangu,

Ninaumwa. Ni moyo. Unaruka, unatulia, unaruka tena. Siwezi kujua nitapona lini ila haitakuwa kabla ya Agosti. Kwa hiyo mwanangu asiende mbali.

Fundi bati wako nimemrudisha. Alikuwa anapigilia kama anaua nyoka.

Mama yenu


Jumanne, 11 Julai

Mama, shikamoo.

Nimefika salama katika mji huu nilioletwa kikazi. Nitakuwa hapa mpaka karibu mwisho wa mwezi, nafundisha madereva wapya wa malori, kwa hiyo ukiniandikia tumia anwani iliyo nyuma ya bahasha.

Nilitaka kunyamaza lakini nimeshindwa.

Nilipopata barua yako kuhusu moyo, sikumsubiri mwanao amalize meno ya watu. Niliwasha pikipiki saa ileile. Nilikuja na dawa, na matunda, na shuka safi endapo ungelazwa. Njia nzima nilikuwa nawaza nitamwambia nini mume wangu kama nitakuta umezimia. Nikakukuta juu ya paa, Mama. Una nyundo mkononi na misumari umeibana kwa midomo.

Ukashuka ngazi upesi kuliko mimi ambavyo ningeshuka. Ukaniambia moyo umepona asubuhi hiyohiyo. Nisamehe kwamba niliondoka bila kumaliza chai.

Sasa niseme lililo moyoni mwangu. Siku ile mwanao alipoanguka, mimi ndiye niliyekuwa mbele. Mimi ndiye niliyesema tukate kona kwenye ile njia ya mkato kabla mvua haijatukuta. Hujawahi kunilaumu kwa mdomo, wala hospitali hukunikunjia uso. Lakini naona sasa kwamba lawama ulikuwa umeiweka moyoni. Kama hutaki mwanao aongozane nami barabarani, au popote pengine, niambie wazi. Usiugue kwa ajili yangu.

Na kama yeye mwenyewe amenichoka, na Jumamosi zake zina mwenyewe, na wewe unajua na unamsitiri, hilo nalo niambie. Nitaumia ila nitajua nimesimama wapi.

Mkweo


Jumamosi, 15 Julai

Mwanangu,

Leo hukuja, na umefanya vizuri, kwa sababu ningekufungia mlango.

Nimedanganya kuhusu paa. Nimedanganya kuhusu kifua, wakati wewe hata mafua yalikuwa yanakukwepa. Nimeugua moyo ambao haukuruka hata siku ile uliyoamua kuzaliwa umetanguliza miguu. Mkeo amekimbia njia nzima na shuka za hospitali amezifunga nyuma ya pikipiki, akanikuta napigilia bati lililolegezwa na yule fundi wake. Uso alionitazama nao, mwanangu, sitaki kutazamwa nao tena na mtu yeyote.

Ameniandikia. Anaamini namlaumu kwa ajali yako. Anaamini pia Jumamosi zako ziko kwa mwanamke. Ni kweli ziko kwa mwanamke, na mwanamke mwenyewe ni mimi, bibi wa turubai mwenye goti bovu, ambaye unakuja kunikalia juu ya marundo ya kazi, unakunywa chai yangu na kusema huwezi, huwezi, huwezi, kisha unapanda basi unarudi kwako kuchora ramani.

Niliahidi sitamwambia, na sitamwambia. Utamwambia wewe. Mdomo ukikataa, kalamu unayo. Anwani yake hii hapa chini. Nakupa wiki moja, baada ya hapo nitakuja huko kwa miguu yangu.

Unaogopa kuonekana unaogopa. Mimi niko radhi nionekane mama mkwe mbaya, wapo wengi na wanaishi. Lakini yule binti akiondoka kwa sababu ya uongo wangu, mimi na wewe hatutakuwa na la kusema tukikaa hapa.

Mama yako


Jumatatu, 17 Julai

Mke wangu,

Mama amenitoa kwenye kichaka nilikokuwa nimejificha, kwa hiyo natoka.

Jumamosi zangu ziko kwake. Napanda basi asubuhi, nakaa juu ya maturubai, nakunywa chai, narudi. Hakuna mwingine. Nani angenitaka na vidole hivi vinavyonuka plasta ya meno?

Aliyekataa safari si mama. Ni mimi. Nilimwomba akatae yeye ili mimi nisilazimike kusema. Nilimwambia, "Mama, ukikataa wewe yataisha." Hakutaka. Nilimbembeleza mpaka akakubali, na sababu zote alitunga mwenyewe, ya moyo sikuijua mpaka uliponionyesha.

Siwezi kupanda pikipiki. Kabureta ilikuwa nzima. Tairi lilikuwa zima. Siku moja ukiwa kazini niliifunua, nikakaa juu yake, nikashika ufunguo. Mikono ikatoka jasho mpaka ufunguo ukaniponyoka. Siku nyingine nilijikaza nikaiwasha. Ule mlio ulipoanza tu, nikasikia kofia yangu inakwaruza lami, humu ndani ya kichwa, kama ndiyo naanguka upya. Nikaiacha inaunguruma nikakimbilia bafuni kutapika. Jirani ndiye aliyekuja kuizima. Nilimwambia nimekula kitu kibaya.

Utauliza, basi ramani nilichora ya nini. Nilichora kwa kuwa napenda kweli. Kila jioni pale jikoni ukisema hapa tutalala, hapa tutachemsha chai, mimi nilikuwa nimeshafika, naona mpaka moshi wa jiko. Nautaka mlima, nalitaka hema, nakutaka wewe ndani ya hema. Barabara ndiyo iliyonishinda, na barabara ndiyo iko katikati. Kila siku nilisema kesho nitamwambia. Halafu ukaingia getini na lile tairi begani, unacheka, umechafuka shingo nzima. Nikashindwa.

Wewe ulinipenda nikiwa juu ya pikipiki. Siku ile ya kwanza ulinipita kwenye kilima, nikakufuata mpaka kituo cha mafuta wakati tangi langu lilikuwa limejaa. Huwa najiuliza utamfanya nini huyu mwingine anayepanda basi.

Kuhusu ajali, si wewe uliyeniangusha. Lami ilikuwa na mafuta ya lori. Hata ningekuwa mbele ningeanguka, tena na wewe ungenikanyaga.

Mumeo


Ijumaa, 21 Julai

Mume wangu,

Barua yako nimeisomea uwanja wa mazoezi, mwanafunzi yuko ndani ya lori anasubiri nimwambie arudi nyuma. Amesubiri sana. Nimekaa juu ya tairi nikalia, halafu nikaanza kucheka, na yule baba wa watu akashuka mbio kuuliza amegonga nini.

Hujui mzigo ulioutua. Yule mwanamke wako nilikuwa nimeshamjenga. Nilimpa sura, nikampa sauti nyororo, nikamvalisha hadi viatu vyekundu. Wiki hizi zote nimelala naye na kuamka naye. Kumbe ni mama yako na goti lake. Leo nimekula sahani mbili za chakula, mpishi wa hapa amenishangaa maana alizoea kurudisha sahani yangu kama ilivyotoka.

Kinachoniuma ni kimoja. Kazi yangu ni kukaa pembeni ya watu wanaoogopa. Nawajua kwa jinsi wanavyoukaba usukani na jinsi wanavyomeza mate. Huwa naweka mkono juu ya mkono wa mtu hata kabla hajajua kwamba anatetemeka. Wewe nilikuona unameza mate mbele ya ile pikipiki, nikadhani ni njaa. Nikaenda kukupikia.

Huyo wa basi unayemuulizia ndiye niliyeolewa naye. Yule wa kilimani, kama unakumbuka vizuri, nilimpita.

Sasa sikiliza, na hii si ramani ya ukutani. Tunakwenda. Wewe panda basi mpaka ule mji mdogo chini ya mlima, kisha panda pikapu zinazopeleka mizigo juu, zinapita karibu na kambi. Beba jiko lako unalolipenda kuliko mimi. Mimi nitakuja na pikipiki yangu, polepole, na nitalala kwenye nyumba ya wageni, si porini. Wewe utatangulia. Nikifika nikute maji yamechemka.

Yako tuiuze, au tuiache, au kuku walale juu yake. Nitakubali lolote, mradi usiniambie tena habari ya kabureta.

Mama namwandikia leo hii.

Mkeo


Jumatano, 26 Julai

Mkwe wangu, marahaba, na marahaba ya zile barua mbili ambazo sikuitikia.

Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa, kwa ajili ya moyo.

Uliuliza kama nakulaumu, na swali la namna hiyo haliachwi bila jibu. Nilipofika hospitali siku ile, daktari aliniambia kuna mtu aliwazuia wapita njia wasimwinue mwanangu ovyo, akamfunga bega kwa skafu yake, akakaa naye kwenye matope huku anamzungumzisha mpaka gari likaja. Nilikukuta kwenye benchi huna skafu. Toka siku hiyo, ukitaka kujua nakuweka wapi, ndipo hapo. Nilipaswa kukuambia zamani. Mimi ni mtu wa kushona, maneno hunipa shida.

Uongo nilioandika niliuandika kwa ajili ya mwanangu, na nilijua unakuumiza, nikaendelea. Nisamehe kwa hilo.

Hema limekwisha tangu ile barua yako ya kwanza. Sikuweza kuiacha kazi nzuri namna ile. Ni la kijani, sakafu nimeweka turubai zito, mishono yote nimeipitisha mara mbili na kuipaka nta. Ni zito kuliko ulivyotaka, ila kwa kuwa sasa litasafiri kwa basi, halitakusumbua. Mwanangu amekuja kulichukua. Nilimfundisha kulisimamisha hapa uani, akalisimamisha nje ndani. Nimemfundisha tena.

Nendeni salama. Ukifika niandikie, usinipigie.

Mama yako


Jumapili, 6 Agosti

Mama, shikamoo.

Nimefika, mwanao amefika, hema limesimama na halivuji. Naanza na hayo ili usome yaliyobaki bila wasiwasi.

Tulikubaliana nifike Ijumaa mchana. Mwanao alitangulia Alhamisi, akapiga hema, akachemsha maji. Mimi Ijumaa nikakuta mvua ya jana yake imebomoa daraja dogo, ikabidi nizunguke nyuma ya kilima kwa njia ya udongo ambayo ilikuwa uji mtupu. Pikipiki haikuanguka, ila nilikuwa naenda kama mtu anayebeba mayai. Na simu huku juu hazishiki. Nilipofika kwenye kibanda cha chai chini ya mlima nilikuwa nimelowa mpaka mifupa, mvua inaanza upya, nikasema nijikaushe kwanza. Mwenye kibanda akaning'inizia soksi juu ya jiko lake, akanipa mkate.

Kumbe juu huko mwenzangu anachemsha maji, yanapoa, anachemsha tena. Mchana ukapita. Mtu aliyeshuka na mbuzi akamwambia daraja limekwenda. Pikapu zilikuwa zimeshateremka zote. Kilichokuwepo pale njia panda ni bodaboda mmoja, amejikunyata chini ya mwavuli.

Mama, mwanao alipanda.

Haya yote nimesimuliwa na yule bodaboda, maana mwenyewe hakumbuki. Alimkumbatia kwa nyuma mpaka mtu wa watu akamwomba amwachie apumue. Alifumba macho njia nzima. Kila wakiteleza alikuwa anaimba ule wimbo wa shule wa kuhesabu kuku, kwa sauti kubwa, tena anaukosea.

Mimi niko kibandani, miguu mitupu, mdomo umejaa mkate, mara naona bodaboda inasimama kwenye mvua kando ya pikipiki yangu na mtu anashuka. Akakaa chini palepale kwenye matope. Nikatoka mbio na mkate wangu.

Alinitazama kama vile ananihesabu viungo. Akasema, "Nilidhani umeanguka."

Nikamwambia, "Nilidhani hupandi."

Akasema, "Sipandi."

Nikakaa naye chini. Mvua ilitupiga vizuri sana. Nilimshika tu ile mikono, ilikuwa inatetemeka, na safari hii sikudhani ni njaa, ingawa mkate nilimpa na akaula wote.

Usije ukafikiri amepona. Yule bodaboda alijitolea kumrudisha bure, kwa jinsi alivyomhurumia, mwanao akamshukuru kwa mikono miwili na akakataa. Mimi nikamwambia akae nyuma yangu, nitaenda kwa mwendo wa kobe, akakataa pia, tena kwa amani kabisa, bila kusingizia kabureta. Nilifurahi kumsikia anakataa hivyo. Tukangoja mpaka mvua ilipokatika, ikaja pikapu moja ya kabichi inayopanda, dereva akamwambia kuna nafasi juu ya mzigo.

Basi tukapanda mlima namna hiyo, pikapu mbele, mimi nyuma. Mwanao alikaa juu ya kabichi amenigeukia mimi. Kulikuwa bado na mwanga, ukungu unainuka kwenye miti, na mimi sijawahi kuendesha nikiwa na raha kama ile, nakutana na uso wa mume wangu kila nikiinua macho. Barabara ina kona nyingi na mimi nilikuwa naenda kwa tahadhari, kwa hiyo mara kwa mara pikapu ilikuwa inanipotea. Nikitokea upande wa pili namkuta amesimama wima juu ya kabichi, ameshika kamba, ananitafuta. Dereva akatoa kichwa dirishani akamfokea akae chini, ataanguka. Akakaa.

Kona iliyofuata nikamkuta amesimama.

Mkweo,
Mwalimu